Kitambaa cha Miraba Tisa

Mimi ni fundi saa, na kama hujapata kunisikia, kosa si langu. Saa ya ukutani ya shule ya wasichana ilisimama miaka sita. Wakaja mafundi wenye vyeti na mikoba, wakaondoka wakitikisa vichwa. Nikaiamsha mimi, kwa bisibisi moja na mate kidogo, mimi niliyeishia darasa la sita na la saba nikalichungulia dirishani. Nayasema haya mapema ili nyinyi watoto wa ukoo mtakaosoma mjue kwamba anayeandika si mtu wa kuokotwa.

Ila habari yenyewe si yangu. Ni ya mdogo wangu wa kike, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mpiga Pasi, na hakuna atakayemwandika nisipomwandika mimi. Mwenyewe nilipomdokeza alisema, "Kaka, wewe utatia chumvi tu." Safari hii sitii. Iliyomo inatosha.

Chumba chake kina dirisha moja, meza ndefu iliyofungwa blanketi kuukuu, na pasi mbili za mkaa. Moja inafanya kazi, nyingine iko nje mlangoni inapata moto. Analowesha ncha ya kidole, anaigusa pasi chini, tss, na kwa mlio huo peke yake anajua kama inafaa pamba au inafaa hariri. Shati analianza kwenye kola, kisha mabega, kisha mikono, mgongo mwisho. Anapiga mashati ya walimu, mashuka ya nyumba ya wageni, magauni ya maharusi. Na kila Ijumaa, meza ikishaondolewa kila kitu na mikono ikishaoshwa upya, anapiga vitambaa vya altare ya kanisani.

Katika hivyo kuna kimoja cha mraba, cheupe kitupu, ambacho padri hukitandaza chini ya kikombe na sahani ya hostia, ule mkate mwembamba wa Komunyo. Hicho kina mkunjo wake. Kinakunjwa tatu kwa urefu, halafu tatu kwa upana, kila mara kwa ndani, hata ukikifungua unakuta miraba tisa imejichora. Nilimuuliza siku moja kwa nini asikikunje kama leso za watu.

"Chembe ya Ekaristi ikibaki humo isianguke," alisema. "Ukikunjia nje, umemwaga."

"Chembe isiyoonekana, hata sisimizi haimshibishi."

Akaniangalia kama anavyoiangalia pasi iliyopoa.

Aliyemfundisha mkunjo huo ni mama mkwe wake. Tulikuwa tukimwita Bibi Funguo, maana alijifunga kamba kiunoni yenye funguo za kila kitu: kabati la sukari, sanduku la nguo, kabati la kanisani wanakowekea vitambaa. Ukimsikia anakuja, watoto walikaa vizuri hata kama hawakuwa wamekosa. Ndiye alikuwa mkubwa wa akina mama wanaofua nguo za altare, na mdogo wangu alipoolewa, wiki ya kwanza kabisa, badala ya kumwonyesha mwanawe anapenda kula nini, alimketisha mezani akamwonyesha kukunja. "Ndani, binti. Ndani. Hapo unamkunja Bwana mwenyewe." Sijui kama walipata kupendana kwa jambo jingine lolote, ila kwa hilo walipendana.

Shemeji yangu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kucheka mpaka machozi. Homa ya siku nne ikamchukua. Hawakuwa na mtoto.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, Jumamosi saa saba mchana, mdogo wangu alikuwa jikoni anaepua chungu. Bibi Funguo akasimama mlangoni.

"Mwanangu amekwenda, na wewe hukuniachia hata mjukuu wa kumwita jina lake. Nyumba hii ni ya ndugu yake. Ondoka."

"Leo, Mama?"

"Sasa hivi."

"Nile kwanza?"

"Utakula kwenu."

Akachukua pasi yake, ile ya zamani yenye kishikio cha mbao, akatembea nayo mkononi mpaka kwangu. Alifika na vumbi magotini. Hakulia. Nilimpakulia, akala, nikamwongeza, akala. Alipomaliza alisema neno moja tu: "Chungu kile nilikipika mwenyewe." Halafu akaniomba mkaa.

Mimi ndiye niliyelia, tena kwa hasira, nikala kiapo kwamba yule mwanamke akidondoka barabarani nitamruka kama dimbwi. Mdogo wangu akasema, "Usiape, Kaka, wewe huna kumbukumbu." Miaka tisa ikapita. Akapanga chumba chake, akapata wateja wake. Vitambaa vya altare navyo vikaja mikononi mwake, kwa sababu Bibi Funguo alikuwa ameanza kusahau siku za wiki, na hapakuwa na mwingine aliyejua mkunjo.

Kisha tukasikia kwamba yule ndugu mwenye nyumba ameifunga, kahamia mbali na mkewe na watoto, na mama yake kamwacha kwenye chumba cha uani, jirani awe anamtupia jicho. Akili ya bibi ilikuwa imeshakwenda. Mdogo wangu aliambiwa Jumapili baada ya Misa. Jumatatu nilipofika kwake nilikuta kitanda cha pili kimebanwa ukutani, na juu yake Bibi Funguo, mdogo kama nguo iliyorudi kwa kufuliwa vibaya.

Nikamvuta mdogo wangu nje.

"Umechanganyikiwa wewe?"

"Amekaa na gauni moja wiki nzima, Kaka."

"Na funguo zake?"

"Hana funguo. Ana kamba tu. Hataki niifungue."

"Mpeleke kwa masista."

"Kwa masista kumejaa. Nimeshauliza."

"Basi kila asubuhi, kabla hujampa uji, mwambie: mimi ndiye yule uliyenifukuza."

"Nilimwambia jana." Akapuliza pasi, majivu yakaruka. "Hanijui. Ananiita nesi."

Ndivyo ilivyokuwa. Nesi, uji huu wa moto. Nesi, umenivuta nywele. Nesi, kwenu hawakukufundisha? Mdogo wangu alimlisha kwa kijiko, akamwogesha, akamgeuza, na katikati ya hayo akapiga pasi mashati ya watu. Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa amezoea miaka yote tisa na sasa hakuweza kukipata: Misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Bibi asingeweza kuachwa peke yake. Alikuwa anaamka anatafuta funguo, na mlango ulikuwa karibu na mkaa.

Siku moja nilipopita kwake akaniomba.

"Dakika arobaini tu. Nakwenda, napokea, nakimbia narudi."

"Mungu hayumo humu chumbani kwako?"

"Yumo. Ila huku mimi ndiye ninayelisha. Kule nalishwa."

Nikacheka. Nilimwambia mimi kile kidude cha unga nikikipokea natoka kanisani na njaa zaidi ya niliyoingia nayo.

"Wewe unakula Krismasi na Pasaka," alisema. "Mtu wa kula mara mbili kwa mwaka asisikie njaa kwa nini?" Kisha akaacha mzaha. "Nikikosa Komunyo siku mbili, Kaka, kijiko kinakuwa kizito. Siku ya tatu namlisha harakaharaka ili amalize tu. Naona kabisa ninavyokuwa mtu mwingine. Sina wema wa kwangu mimi. Ule niliokuwa nao uliisha siku ile jikoni. Huu ninaoutumia nauchota kule kila asubuhi, na hautoshi kesho."

Maneno hayo nilipaswa kuyashika. Mimi nilichoshika ni zile dakika arobaini, maana hizo ni taaluma yangu. Nikamwambia hakuna binadamu anayezijua dakika kama mimi, alale usingizi.

Na kweli sikuchelewa hata siku moja. Saa kumi na mbili kasorobo nabisha, yeye anatoka na kitambaa chake kichwani, mimi nakaa kwenye kigoda na chai yangu. Bibi analala mdomo wazi. Siku ya nne hivi nikaona sisimizi, msafara wenye nidhamu kuliko gwaride, wanapanda mguu wa kitanda na kuingia chini ya mto. Nikapenyeza mkono taratibu, nikatoa kitambaa, kile cha kumfutia bibi mdomo, kimekunjwa kikafungwa, na ndani yake kipande cha mkate wa jana.

Nikasema moyoni, uzee huu jamani. Nikakifungua kitambaa, nikakikung'uta, nikakitundika kwenye chuma cha kitanda, na mkate nikaurushia kuku wa jirani, mwanamke mfugaji tuliyekuwa tukimwita Mama Kuku. Kesho yake, tena. Keshokutwa, tena. Ikawa kazi yangu ya asubuhi. Nikajisifu kwa mdogo wangu kwamba sisimizi nimewakomesha, asiulize kwa dawa gani, ni siri ya fundi. Alikuwa anavua viatu huku ameshashika kijiko. Akasema ahsante, hakuuliza.

Ila kila asubuhi, mimi nikiwa natoka na yeye anaingia, bibi alikuwa anaamka. Anapapasa chini ya mto. Anapapasa tena. Kisha ule ukelele.

"Mkate! Mkate wa mtu! Nesi mwizi, umekula mkate wa mtu!"

Mdogo wangu alidhani ni njaa. Akamwongezea kipande cha jioni, viwili badala ya kimoja. Bibi akala kimoja, akaficha kimoja. Kuku wakanenepa. Ukuta wa chumba kile ni mwembamba kama daftari, na haukupita mwezi, bombani watu wakaanza kunong'ona kwamba mzee wa watu anashindishwa njaa, kwamba Mpiga Pasi analipiza kisasi kimyakimya huku anajifanya mtakatifu. Aliyenong'ona kwa sauti kubwa kuliko wote ni Mama Kuku, ambaye banda lake ndilo lililokuwa likila ule mkate. Mdogo wangu alisimama kwenye foleni na ndoo yake, akayasikia yote, akarudi, akawasha pasi.

Mwezi wa nne, Ijumaa. Vitambaa vya altare vilikuwa vimeshapigwa, vimepangwa kwenye ukingo wa meza. Mdogo wangu alikuwa hajakwenda Misa siku tatu kwa sababu bibi alikuwa anaharisha na hakutaka kuniachia kazi ile. Mimi nilikuwa nimepita tu asubuhi kama kawaida, nimeshatoa mkate wangu kwa kuku, nimeinama mlangoni nafunga kamba ya kiatu. Bibi akaamka, akapapasa. Mdogo wangu akamsogezea kijiko.

Bibi aliutema uji wote juu ya vile vitambaa vyeupe. Akasema, kwa sauti ile ya zamani, ya siku za funguo, "Mwizi wa mkate. Mungu atakuuliza."

Sikuuona mkono ukipanda. Nilisikia kofi.

Nikainua kichwa. Mdogo wangu alikuwa anautazama mkono wake kama anavyoitazama pasi iliyounguza nguo ya mteja, jambo ambalo nimeliona mara moja tu maishani. Bibi hakulia. Alijikunyata akajifunika kichwa kwa mikono miwili, akangoja la pili.

Mimi nikaokota kijiko kilichoanguka.

Jumapili ile nilikwenda kanisani, naomba msinipigie makofi, nilitaka tu kumwona. Watu waliposimama kwenda kupokea, yeye alibaki ameketi, magoti yamebanwa pembeni ili wenzake wapite. Wiki iliyofuata hakwenda kabisa. Vitambaa vya altare akavirudisha vichafu vilevile, akasema watafute mikono mingine.

Niliendelea kuja alfajiri. Nilimwambia ni ili apate kulala kidogo, lakini ukweli sikujua pa kujipeleka saa ile. Naye hakulala. Alikaa upande wa pili wa meza, anakunja mashuka ya nyumba ya wageni, na mimi, kabla hajainua macho, nishatoa mkate wangu chini ya mto na kwenda kumwaga majani ya chai nje.

"Nenda ukaungame basi," nilimwambia siku moja. "Kofi moja, mama mzee, umechoka. Padri atakupa Baba Yetu mbili na Salamu Maria kwa chenji."

"Nitaungama nini?"

"Kwamba umempiga."

"Nilimpiga mara moja kwa mkono, Kaka. Hilo naweza kuliungama. Lakini moyoni nampiga kila siku. Akifungua mdomo nampiga. Nampiga kwa chungu kile, nampiga kwa 'utakula kwenu'. Na sijutii. Niende nikamdanganye Mungu, halafu ninyooshe mkono huu huu nipokee?" Akaunyoosha, umekakamaa kwa kishikio cha pasi. "Namlisha bado. Mashine nayo ingemlisha."

Alikuwa anakonda. Bibi anapewa uji, anafutwa, anageuzwa, hakuna neno, hakuna ule wimbo wa puani aliokuwa akimwimbia wakati wa kumwogesha. Nilitaka kumchekesha, nikakuta sina kichekesho hata kimoja kinachofika.

Kisha homa ikanishika mimi. Siku nne sikutoka kitandani. Ya tano nikajikongoja, nikabisha saa kumi na mbili kasorobo ileile.

Mdogo wangu alikuwa ameketi mbele ya meza, hajawasha pasi. Juu ya blanketi kulikuwa na kitambaa cha kufutia mdomo kimefunguliwa, na juu yake kipande cha mkate.

"Kaka, umeona hiki?"

"Aa, hayo makombo!" Nikatanua kifua, mjinga mimi. "Hayo si mapya. Ndiyo dawa yangu ya sisimizi. Miezi mitano nayatoa chini ya mto wake, wewe hujui tu ninavyokuhangaikia."

Akageuza uso pole pole. "Ulikuwa unayapeleka wapi?"

"Kwa kuku."

Akapitisha kidole juu ya kitambaa, mstari kwa mstari, nami ndipo nikaona. Mikunjo. Tatu kwa urefu, tatu kwa upana. Miraba tisa, imenyooka kama imepimwa kwa rula, kwenye kitambaa cha mate cha mwanamke asiyejua jina lake.

Miezi mitano nilikuwa nakikung'uta bila kukitazama, mimi ninayejisifu kuona jino lililovunjika ndani ya saa ya mkononi.

Akainuka, akaenda kitandani na ule mkate mkononi. Bibi alikuwa macho.

"Mama. Mkate huu ni wa nani?"

Bibi akautazama, uso ukamfunguka. "Haujaibiwa?"

"Haujaibiwa. Ni wa nani?"

"Wa mke wa mwanangu." Akapunguza sauti. "Usimwambie mtu, nesi. Alitoka hajala. Chungu kilikuwa jikoni, cha moto, nikamwambia utakula kwenu. Namwekea kila siku. Kila siku mwizi anauchukua. Sasa yule binti atakula nini?"

Mdogo wangu akapiga magoti pale kando ya kitanda.

"Ni mimi, Mama. Tazama. Mimi ndiye mke wa mwanao."

Bibi akamtazama muda mrefu, kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba.

"Wewe ni nesi," alisema. "Yeye alikuwa mwembamba, na alijua kukunja. Nilimfundisha mwenyewe." Akamsukumia ule mkate. "Ukimwona, mpe."

Mdogo wangu alitoka uani. Nikamfuata, sikuthubutu kumkaribia. Alisimama karibu na pasi iliyokuwa baridi, akaula mkate ule wote, mkavu, pamoja na sisimizi wawili watatu, na akavilamba vipunje kiganjani. Kisha akafuta uso, akarudi ndani.

"Nimempa, Mama."

"Amekula?"

"Amekula."

"Wote?"

"Wote."

"Amesema nini?"

Mdogo wangu akamvutia shuka mabegani. "Amesema ahsante, Mama. Amesema ameshiba."

Bibi akashusha pumzi, akageukia ukuta, akalala usingizi wa mtoto.

Toka siku ile ikawa hivyo. Jioni bibi anaficha, asubuhi nesi anapeleka, anatoka uani, anakula, anarudi na salamu. Ukelele ukakoma. Mimi nilikwenda kwa Mama Kuku nikamwambia mbele ya foleni nzima ya bomba mwizi alikuwa nani na nani aliyekuwa akila. Nilidhani watacheka. Hakuna aliyecheka, na Mama Kuku aliacha ndoo yake chini ya maji mpaka ikafurika. Mdogo wangu nilimwomba radhi nikiwa nimesimama, kisha nikiwa nimekaa. Akasema, "Ungeniuliza tu, Kaka." Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angenitukana ningepona mapema.

Ila Misa alikuwa hajarudi. Kabla hajapata nafasi ya kwenda kuungama, bibi akaanza kukataa uji, halafu maji, halafu akawa analala mchana na usiku. Siku ya tisa tangu ule mkate, nikatumwa kumwita padri.

Ni padri kijana, mwenye pikipiki na soksi zisizofanana. Mdogo wangu alimzuia mlangoni, wakaenda uani, wakasimama kila mmoja upande wake wa kamba ya kuanikia nguo. Mimi nilijisogeza bandani kwa kuku ili nisisikie. Niliona tu mgongo wake unatikisika, na padri ameinamisha kichwa, na mkono wake ukipanda kufanya ishara ya msalaba. Mdogo wangu alipopita karibu yangu kurudi ndani aliniambia, nami sikuwa nimemuuliza, "Sijampiga tangu siku ile ya mkate, Kaka. Nimetafuta moyoni, sikumkuta mtu wa kumpiga."

Padri akampaka bibi mafuta ya wagonjwa. Akatandaza juu ya kigoda changu kile kitambaa cha mraba alichokuja nacho, kimekunjwa hovyo, maana ile mikono mingine haikupatikana. Mdogo wangu akakinyoosha kwa kiganja. Hakuweza kujizuia.

"Mwili wa Kristo," padri akasema.

Bibi alikuwa amefumbua macho. Alijibu Amina, wazi kabisa, akanyoosha mkono, na padri akaiweka hostia kiganjani mwake. Akaitazama. Kisha polepole akaivunja katikati, tik, nusu akaitia mdomoni. Nusu ya pili akailaza kwenye kitambaa chake cha kufutia mdomo, akaanza kukunja. Kwa ndani. Mkunjo wa kwanza. Wa pili.

Padri akashtuka, akanyoosha mkono. "Mama, hapana, hiyo unapaswa..."

"Ya mke wa mwanangu," bibi alisema. "Hajala."

Nilisikia saa yangu mkononi. Padri akamtazama mdogo wangu, na sijui aliambiwa nini kule uani, lakini alielewa.

"Ni yangu, Padri," mdogo wangu alisema.

Padri akapiga goti. Akakifungua kile kitambaa cha mate kana kwamba kimetoka altareni, akaichukua ile nusu, akageuka.

"Mwili wa Kristo."

"Amina."

Akapokea. Wiki saba zilikuwa zimepita, nilizihesabu, ndiyo kazi yangu. Bibi alikuwa anamwangalia mdomo, anafuata kila anavyotafuna, kama mama anayehakikisha mtoto amemeza.

"Amekula?" akauliza.

"Amekula, Mama."

Sitawadanganya kwamba alimtambua. Ningependa sana kuandika hivyo, na mnanijua, kalamu yangu si ya kuona haya. Lakini niliahidi. Alimwita nesi jioni ile, akamwita nesi kesho yake, na keshokutwa asubuhi, mdogo wangu akiwa Misa na mimi kwenye kigoda, pumzi ilikatika katikati kama mshale wa sekunde unaposimama. Nilimfumba macho mimi. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na nane mdogo wangu arudi, na hizo, pamoja na utaalamu wangu wote, sikuzijua namna ya kuzimaliza.

Yule mwana mwenye nyumba alikuja mazishini na miwani myeusi, akalia kuliko wote. Mdogo wangu alimpelekea maji ya kunywa. Nilimtazama mkono ulipokuwa unashika ile bilauri. Haukuwa mzito.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kuvunja kile kitanda cha pili, maana kilikuwa cha kuazima. Yeye alikuwa mezani, mikono imeoshwa, vitambaa vya altare mbele yake. Nilipoinua godoro, kati ya ubao na ukuta, nikakiona. Kitambaa kimoja. Sikujua ni cha siku gani. Labda cha siku zile za mwisho alipokuwa bado anaficha na hana nguvu ya kuonyesha. Safari hii sikukikung'uta. Nilikibeba kwa viganja viwili mpaka mezani.

Akakifungua mkunjo kwa mkunjo. Mkate ulikuwa umekauka kama kigae. Akauchovya kwenye chai yangu, bila kuniomba, akauvunja vipande viwili, kimoja akala. Machozi yalikuwa yanamshuka, akayageuzia pembeni yasiangukie kitani.

Cha pili akaninyooshea.

"Huo ni wako wewe," nilisema. "Alikuwekea wewe. Mimi ni yule mwizi."

"Kula, Kaka. Kuku wameshakula vya kutosha."

Nikala. Mgumu, wa zamani, una ladha ya mto. Nilitafuna muda mrefu nikiwa nimesimama, bisibisi mkononi, na yeye akalowesha kidole, akagusa pasi, tss, akaendelea na kazi.